Saumu ya Minnesota kwenye tuta la mama

Tarehe 14 Oktoba 2023 niling'oa kitunguu saumu cha kwanza cha aina ya Music kwenye bustani ya mama, Lushoto, nikakipangusa udongo kwenye suruali, nikabaki nimekishika tu. Majani yalikuwa mapana kama ya mahindi machanga, na shina lilikuwa nene kama kidole gumba. Chini kulikuwa na kitu cha mviringo, cheupe, kimoja. Punje hazikuwepo. Nilikikata katikati kwa kisu cha jikoni nikakuta nyama tupu, haina hata mstari wa kugawanyika. Mama alikuwa ameinama pembeni akichuma mnavu. Aliinua kichwa, akatazama, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, tumepona?"

Nakiandika kisa hiki kwa sababu kila mwaka kuna mtu anaahidiwa mbegu ya saumu "ya nje", yenye punje kubwa kama korosho, naye anaamini kwamba kilichokuwa kikubwa kule kitakuwa kikubwa na hapa. Hata mimi niliamini. Nina daftari la misimu miwili, na daftari lenyewe halinitetei.

Mambo yalianza Desemba 2022. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Minnesota, Marekani, na nyuma ya nyumba yake ana bustani ambayo huifungia msimu Oktoba kwa kupanda vitunguu saumu na kuvifunika kwa majani makavu kabla ya theluji. Alikuja kula Krismasi na Mamkubwa wake, yaani mama yangu, na ndani ya soksi mbili za sufu alikuwa na zawadi: vichwa 8 vya Music, vichwa 4 vya Chesnok Red, na vichwa 2 vya kile wanachokiita saumu ya tembo. Ndiyo, ndani ya soksi, katikati ya sanduku. Hilo nitalirudia.

Majina yenyewe yalinivutia kabla ya kitu kingine chochote. Music, nilivyodhani, ni muziki; kumbe ni jina la ukoo la mkulima wa Ontario, Kanada, aliyeieneza mbegu hiyo iliyotoka Italia. Chesnok ni neno la Kirusi lenye maana ya kitunguu saumu, kwa hiyo Chesnok Red ni "Saumu Nyekundu" tu, na asili yake ni kijiji cha Shvelisi nchini Georgia. Kichwa cha Music kilikuwa na punje nne hadi tano, kila moja ikijaza kiganja cha mtoto. Chesnok ilikuwa na punje kama kumi, ganda lina michirizi ya zambarau utadhani mtu aliichora kwa kalamu. Mama alizigeuza geuza, akauliza swali moja, "Zinamenyeka?" Zilimenyeka kwa urahisi sana, na nadhani hapo ndipo aliponikubalia tuta.

Tuta lenyewe lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.2, kwenye mteremko nyuma ya jiko, udongo mwekundu uliotiwa samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Kwa miaka mingi mama alikuwa akipanda hapo thomu, kama anavyoiita, ile inayouzwa sokoni kwa jina la "ya Mbulu". Mbulu, mkoani Manyara, ndiko saumu nyingi ya Tanzania inakotoka, na muuzaji yeyote anajua kwamba ukitaja jina hilo bei inapanda kidogo. Mama hanunui mbegu kila mwaka. Huchagua vichwa vizito vya mavuno yake, huvifunga fungu, huvitundika juu ya mafiga, na moshi hufanya kazi yake hadi Mei. Kwangu hayo yalikuwa mazoea tu. Nilitaka aina.

Basi nikapanga jaribio. Mistari 12 ya Mbulu, mistari 6 ya Kichina niliyoinunua Tanga mjini, ile nyeupe pee iliyofungwa kwenye wavu, mistari 4 ya Music, mistari 4 ya Chesnok, na mstari mmoja wa tembo. Kila mstari ulibeba mimea 10, sentimita 12 kutoka punje hadi punje na sentimita 20 kutoka mstari hadi mstari. Tembo pekee nilimpa nafasi kubwa zaidi. Tulipanda wiki ya tatu ya Mei 2023, masika yakielekea ukingoni, ili saumu ikue kwenye baridi ya Juni na Julai na ikomae kwenye ukavu wa Septemba. Kitako chini, ncha juu, kina cha sentimita 4, halafu matandazo ya majani makavu ya migomba. Majina niliyaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya ndoo ya plastiki. Kufikia Agosti jua lilikuwa limeyafuta yote. Kilichoniokoa ni ramani niliyoichora kwa penseli nyuma ya daftari. Tangu hapo naandika kwa penseli hata kwenye plastiki, maana penseli haifutwi na jua.

Kichina kilitangulia. Ndani ya wiki moja baadhi ya punje zilikuwa na majani, na mama akanitazama kwa jicho la "umeona?". Lakini kati ya punje 60 zilizoota ni 41. Nilipozifukua zilizobaki nilikuta nyingine zimeoza, na nyingine zipo vilevile, ngumu, na ukizipasua kile kichipukizi cha katikati kimekuwa doa la kahawia. Saumu ya biashara kutoka Uchina huhifadhiwa miezi mingi kwenye baridi kali, na nyingine hupigwa mionzi ili isichipue dukani. Kwa mpishi hilo ni jambo jema. Kwa mpandaji ni bahati nasibu: punje moja imeamshwa na baridi ya stoo na inakimbia, jirani yake imeuliwa moyo. Zile zilizokimbia zilikomaa mapema mno, siku 95 hivi, zikatoa vichwa vidogo vya punje tano hadi nane ambazo kuzimenya ni adhabu. Sina zaidi la kusema kuhusu Kichina. Nunua, pika.

Mbulu ilikwenda mwendo wake wa kila mwaka. Ilichukua siku kumi hivi kuchomoza, ikatoa majani membamba, haikumvutia mpiga picha yeyote. Mwishoni mwa Septemba majani ya chini yakawa ya njano, shingo ikalegea, na mama akaagiza maji yasimamishwe. Tulivuna vichwa 112 kwenye mimea 120. Vya wastani vilikuwa na punje 12 hivi, nyembamba, zenye ganda la zambarau iliyopauka na harufu inayokufikia kabla hujafika jikoni.

Music na Chesnok ndizo zilizonidanganya muda wote. Julai yote nilikuwa nikipanda basi kutoka Tanga kila baada ya wiki mbili, nikishuka Lushoto moja kwa moja hadi bustanini, na kila nikifika zile zilikuwa ndefu kuliko nilivyoziacha. Zilizidi Mbulu kimo na unene. Nilimtumia dada picha, naye akajibu kwamba za kwake haziko hivyo. Jirani yetu alisimama kwenye ua akauliza kama ni liki, ile mboga ya jamii ya vitunguu isiyo na kichwa. Laiti ningemsikiliza, kwa sababu alikuwa ameona kweli. Septemba ilipofika na Mbulu ikaanza kuwa njano, Music ilikuwa bado kijani kibichi, inaendelea kutoa majani kama haijui kuna kazi nyingine. Nilingoja wiki mbili za ziada, halafu nikang'oa.

Mimea 37 ya Music ilikuwa imefika mwisho. Kati yake 31 ilikuwa na kile kitufe kimoja kisichogawanyika, na 6 haikuwa na kitu, shingo nene tu hadi kwenye mizizi. Hakuna hata kichwa kimoja kilichogawanyika. Hakuna hata mmea mmoja uliochomoza bua la ua, lile ambalo Minnesota hujikunja kama mkia wa ngedere mwezi Juni na watu hulikata wakalikaanga. Chesnok ilifanya vivyo hivyo, isipokuwa vichwa 4 vilivyogawanyika mara mbili, kama vimejaribu vikachoka. Tembo naye alitoa kitufe kimoja kikubwa kila mmea, na pembeni vijipande vigumu vyenye ganda kama la njugu. Tembo lakini nilimsamehe, kwa kuwa kwa ukoo yeye si kitunguu saumu. Ni ndugu wa liki, na jirani pale alikuwa amepatia kabisa.

Sasa, kwa nini?

Kitunguu saumu kina saa mbili ndani yake. Saa ya kwanza ni ya baridi. Punje inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa kutosha, kwa aina nyingi za kaskazini chini ya nyuzi 10 kwa wiki sita, nane au zaidi, ndipo ipate amri ya kugawanyika baadaye. Isipoipata, mmea hukua, hushiba, lakini unapofika wakati wa kutengeneza kichwa hauna mpango wa kukigawa. Hujaza chakula mahali pamoja, na hapo ndipo kitufe kinapotokea. Saa ya pili ni ya mwanga. Siku zinaporefuka mmea huacha kutoa majani na kuanza kujaza kichwa. Minnesota iko kwenye latitudo ya 45 hivi kaskazini. Kufikia Juni siku ina mwanga wa zaidi ya saa 15, na punje hizo zimetoka kwenye majira ya baridi ya miezi kadhaa chini ya theluji. Saa zote mbili zimegonga.

Lushoto iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Tofauti ya siku yetu ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote ni nusu saa hivi. Tena tunapanda Mei, kwa hiyo mmea unapoingia Juni unapita kwenye siku fupi za mwaka. Baridi tunayo, na mtu wa Tanga mjini akija Julai bila sweta atajuta, lakini kipimajoto nilichokitundika ukutani mwa jiko kilisoma nyuzi 11 alfajiri ya baridi kuliko zote niliyoiandika, na saa nne asubuhi ilikuwa imeshapita 17. Kwa binadamu hiyo ni baridi. Kwa Music bado ni mwanzo wa majira ya kuchipua. Zaidi ya hapo, punje zenyewe zilikaa Desemba hadi Mei kwenye kapu juu ya kabati la vyombo, mahali pa joto kuliko pote ndani ya nyumba. Kama kulikuwa na baridi yoyote ziliyoibeba kutoka Marekani, tuliifuta.

Kosa langu la kwanza liko hapo. Nilisoma majina, nikasoma ukubwa, nikasoma hata rangi ya ganda. Sikuuliza mbegu hii imelelewa na majira gani.

Nitasema neno moja kuhusu ladha, kwa sababu watu huuliza. Vile vitufe si takataka. Mama alitwanga kimoja cha Music kwenye kinu na chumvi, akakiacha muda wa kukatia nyanya, ndipo akakitia kwenye maharage. Kule kukiacha kuna maana hata kama yeye anasema ni mazoea: ukali wa saumu haumo kwenye punje nzima, hutokea seli zinapopasuka na vitu viwili vilivyokuwa vimetenganishwa vikakutana, na mkutano huo unahitaji dakika kadhaa kabla moto haujauvuruga. Music ilikuwa na ukali wa kupanda hadi puani. Na kumenya kitufe kimoja badala ya punje 12 za Mbulu ni raha ambayo mama hakuificha. Alisema kama ningeweza kumpatia vitufe hivyo kila mwaka asingenilalamikia. Mimi ndiye niliyekuwa nimekwama kwenye neno "kufeli".

Chesnok zote zililiwa Krismasi ya 2023, pamoja na tembo. Nilifanikiwa kuficha vitufe 29 vya Music.

Msimu wa pili nilikuja na friji. Wazo lilikuwa jepesi: kama baridi ya Lushoto haitoshi, friji ya mama inatosha. Katikati ya Machi 2024 nilichukua vitufe 20, nikavitia kwenye mfuko wa khaki wenye matundu, nikaviweka droo ya chini ambako kipimajoto kilisoma nyuzi 5 hivi. Vingine 9 nilivirudisha kwenye kapu juu ya kabati, viwe vya kulinganishia. Mpango ulikuwa wiki nane, kisha nipande.

Siku ya nne mama alinipigia simu.

"Baba, maziwa yananuka thomu."

"Yafunike, mama."

"Nimeyafunika. Siagi nayo inanuka thomu. Mjukuu wangu amegoma kula mkate."

Tulikubaliana mfuko uingie ndani ya ndoo yenye kifuniko, kifuniko kiachwe wazi kidogo kwa kijiti cha kiberiti. Hewa ndani ya ndoo ikawa na unyevu. Vitufe 2 vikaota ukungu, na kufikia wiki ya nane vingine vilikuwa vimetoa mizizi mifupi. Ningepanda hapo, lakini masika ya 2024, mwaka wa Kimbunga Hidaya, hayakutaka kuondoka. Tuta lilikuwa tope. Ukipanda saumu kwenye tope unapanda uozo, kwa hiyo nikaviacha frijini hadi tarehe 25 Mei, wiki kumi jumla.

Vitufe 18 viliingia ardhini. Oktoba 2024, 11 vilikuwa vichwa vilivyogawanyika kweli, punje tatu au nne kila kimoja, kichwa kikubwa kuliko vyote kikiwa sawa na limau la wastani. Vitano vilitoa vichipukizi pembeni, mmea mmoja ukawa kama shada la vitunguu vya majani, dalili ya baridi iliyozidi kipimo. Hizo wiki mbili za mvua nilizilipia. Viwili vikabaki vitufe, ila vikubwa zaidi. Na vile 9 vya juu ya kabati? Vitufe tena, na miwili ikawa majani matupu. Mabua ya maua hayakutokea popote, na sishangai, kwa sababu saa ya pili, ya mwanga, friji haiwezi kuigeuza.

Kwa hiyo nilipata nilichotaka. Nilikipata kwa droo nzima ya friji, wiki kumi, na siagi. Vichwa 11 vya ukubwa wa limau. Tuta hilohilo, bila friji wala daftari, lilikuwa limetoa zaidi ya vichwa mia vya Mbulu.

Mwaka huo kutu nayo ilitutembelea. Ilianza Julai, ukungu ukilala bondeni hadi saa tano: vidoa vya rangi ya chungwa kwenye majani, ukivigusa vinabaki kwenye kidole kama bizari. Nilichokiona ni kwamba Music, kwa majani yake mapana na kukawia kwake kukomaa, ilibeba kutu nyingi kuliko Mbulu iliyokuwa jirani. Tulipunguza majani ya chini, tukayachoma, tukamwagilia asubuhi kwenye udongo tu, tukaacha kumwaga maji juu ya majani. Mbulu ilikomaa kabla ugonjwa haujakaza. Jambo hilo dogo, la mmea kumaliza kazi yake mapema, halimo kwenye sifa zozote nilizosoma juu ya aina zenye majina.

Kutu ndiyo iliyomleta bwana shamba wa kata. Mama alimwita ashauri dawa, naye akatembea tuta zima mikono nyuma, akafika kwenye mistari ya Music, akasimama.

"Hizi mmezitoa wapi?"

Nilimweleza. Nilipofika kwenye soksi alifunga macho kidogo.

Hakunifokea, na ningependelea angenifokea. Aling'oa mmea mmoja, akaupindua, akanionyesha kitako, akaniuliza ninajua nini kuhusu uozo mweupe. Nilijua jina tu. Akanieleza: majani hunyauka na kuwa njano kuanzia chini, mmea hung'oka kwa mkono bila nguvu, na kwenye kitako unakuta utando mweupe kama pamba wenye chembe nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Hizo chembe ndizo shida. Huanguka kwenye udongo, hulala humo zaidi ya miaka 20 bila kula chochote, na siku utakayopanda kitunguu saumu, kitunguu maji au liki huhisi harufu ya mizizi yake na kuamka. Hupenda udongo wa ubaridi wa wastani, yaani udongo wetu. Dawa ya kuliponya shamba kwa mkulima wa tuta moja haipo. Jembe lenye tope linatosha kuhamisha ugonjwa kutoka tuta hadi tuta, na mvua kwenye mteremko hufanya hivyo bila jembe.

Ndiyo maana kuingiza mbegu au sehemu ya mmea nchini kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea kutoka ilikotoka, na ndiyo maana tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mbegu ya kweli, ile ya ua, hubeba magonjwa machache. Lakini kitunguu saumu tunachokijua hakipandwi kwa mbegu ya ua. Kimezidishwa kwa punje kwa muda mrefu hata aina nyingi hazizai mbegu kabisa. Kila punje ni kipande cha mmea uleule wa zamani, pamoja na virusi vyake, nematodi wake (minyoo midogo sana) na ukungu wake kama upo. Dada yangu alikuwa amebeba bustani yake ndani ya soksi. Alikuwa na nia njema, mimi nilikuwa na hamu, na hakuna kati yetu aliyefikiria mashamba ya kabichi na vitunguu yaliyo chini ya mteremko wetu, ambako watu wanasomesha watoto kwa mazao hayo.

Kitako alichokishika kilikuwa safi. Alisema tungoje msimu mwingine tuone, na chochote cha Music kisitoke nje ya ua huu.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuitazama Mbulu ya mama kwa heshima. Nilikuwa nimeiweka kwenye daftari kama "ya kawaida", kipimo cha kulinganishia aina za kweli. Lakini miaka mama alipokuwa akichagua vichwa vizito na kuvitundika juu ya mafiga, alikuwa akifanya kazi ya mzalishaji mbegu: vilivyogawanyika vizuri kwa baridi yetu ndogo na siku zetu zisizorefuka ndivyo vilivyopandwa tena, na vilivyodhoofishwa na virusi vililiwa. Mkulima wa Mbulu alikuwa ameshafanya hivyo kabla yake. Saumu hiyo haina jina la ukoo wa mtu wala kijiji cha Georgia, ila inajua Lushoto ina saa ngapi za mwanga. Siku hizi nikitaka kulinganisha aina, natafuta vichwa kutoka nyanda zetu za juu, Mbulu na Iringa, mbegu zilizolelewa na majira yanayokaribiana na yetu, na nazipanda kwanza kwenye madumu yaliyokatwa, mbali na tuta, msimu mzima, ndipo ziguse udongo wa mama. Tofauti zake ni ndogo na hazipendezi kwenye picha. Moja huwahi wiki moja, nyingine ganda lake linashika zaidi na inadumu hadi Aprili bila kuchipua. Hizo ndizo tofauti ninazoweza kuzila.

Mei 2025 nilipanda kwenda Lushoto nikiwa na ramani mpya, ya penseli. Nilikuwa nimeamua vile vichwa 11 vya friji viliwe vyote, tufunge kurasa. Fungu la Mbulu lilikuwa juu ya mafiga mahali pake, jeusi kwa moshi. Kapu la Music lilikuwa tupu.

"Mama, zile za friji?"

"Nne tumekula."

"Na saba?"

Alikuwa anapepeta mchele. Hakusimama. "Nimempa jirani. Si aliziulizia tangu mwaka ule akidhani ni liki? Alifurahi kweli. Ameshapanda."

Nilivaa viatu tena. Jirani alinikaribisha, akaniuliza hali ya Tanga, akanionyesha kwa fahari mstari wake katikati ya kabichi, majani ya vidole viwili yamechomoza sawasawa. Niliomba ruhusa ning'oe kimoja. Alishangaa lakini akaniruhusu. Nilikisuuza kwenye ndoo, nikakigeuza juani, nikatenganisha mizizi kwa kucha moja baada ya nyingine nikitafuta pamba au chembe nyeusi. Ilikuwa myeupe, mizima, mingi. Nilikaa hapo nikamweleza yote, kuanzia soksi, na nikamwomba tuvitoe vyote. Alinisikiliza hadi mwisho, akatazama mstari wake.

"Mwanangu," akasema, "hivi vilivyo vizuri hivi?"